Aliyemshika Mbwa

Naweza kukutajia wahunzi wa kijiji kimoja cha Uingereza, baba kwa mwana, vizazi vitano, na kijiji chenyewe sijawahi kukikanyaga. Najua nani alizama kwenye bwawa la kinu cha unga. Najua msichana aliyepeleka mtoto asiye na baba kubatizwa, na kasisi akaiandika aibu hiyo daftarini kwa herufi kubwa ili kila atakayekuja aisome. Haya yote niliyajulia Riyadh, kwenye meza ya jikoni, nikishamaliza vyombo vya asubuhi. Kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi Saudia, paliandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Sasa wewe niambie hiyo ni kazi ya nyumba gani.

Humu sitataja jina la mtu yeyote, na ukifika mwisho utanicheka kwa hilo. Mama yangu alitoa ruhusa majina yetu yaandikwe kwenye kitabu kimoja tu, akasema basi. Na jina langu mwenyewe utaona nililiweka wapi.

Nilikuja Saudia kupitia kampuni inayokodisha wafanyakazi. Kampuni ndiyo iliyokuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, na sisi wanawake tulikaa hosteli yao huko Al-Sulay, katikati ya maghala na malori, tukingoja kuchukuliwa. Siku moja akaja mama Mwingereza wa miaka sitini na kitu, akaomba faili zetu. Hakuuliza nani anajua kupika wala nani amezoea watoto. Alipitisha kidole mahali pa kuzaliwa, faili baada ya faili, alipofika kwangu akasimama. "Huyu," akasema.

Garini akaniambia sababu. Kaka mkubwa wa baba yake alikuwa na shamba upande wetu, Nyandarua, enzi za ukoloni, na jina la mahali hapo amelisikia tangu utotoni. Alilisema kwa furaha, kama ananipa zawadi. Mimi nikasema asante, madam. Nilikuwa nimekaa hosteli wiki sita, ningesema asante hata kama angenichagua kwa ajili ya viatu vyangu.

Sitamsingizia. Simu yangu hakuigusa, Ijumaa yangu ilikuwa yangu, na chakula tulikula cha sufuria moja. Mumewe alikuwa injinia, mtu wa kusalimia na kupita. Waliishi kampaundi yenye ukuta mrefu na paka wengi, na madam hakuwa na kitu cha kufanya mchana kutwa isipokuwa kijiji chake. Huko kwao kuna chama cha wazee wanaoandika historia ya parokia yao: nani alizaliwa, nani alioa, nani alizikwa wapi, nyumba ipi ilikuwa ya nani. Wenzake walimtumia picha za madaftari ya kanisa na za mawe ya makaburi, naye alitakiwa azisome na kuziandika kwenye kompyuta. Macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha. Siku moja nikiwa napanguza meza nikasoma jiwe moja kwa sauti, bila kuombwa, na kuanzia siku hiyo nikawa macho yake.

Alinifundisha kukuza picha, kubadili mwanga wake, kutambua herufi iliyoliwa na ukungu. Alinifundisha pia sheria zake. Ya kwanza, karibu na karatasi za kale tunatumia penseli tu, kalamu ya wino ni marufuku, kwa sababu wino haufutiki. Ya pili, hatuandiki jambo ambalo halina ushahidi. Nikakubali zote mbili, na kusema kweli niliipenda kazi ile. Niliwahurumia watu wale. Kuna mjane alizika watoto wanne katika msimu mmoja wa baridi, nikamfikiria siku nzima nikipiga pasi.

Lakini kitu kilikuwa kinanikwaruza pole pole. Miezi kumi na minne nimekaa na mwanamke anayejua jina la mkunga aliyemzalisha nyanya ya nyanya yake, na hajawahi kuniuliza baba yangu anaitwa nani. Hata mara moja. Nilikuwa nampelekea chai namtazama, nasema moyoni, leo ataniuliza. Wapi.

Kisha ikaja albamu.

Kitabu chao kilikuwa na sura ya waliohama, watoto wa parokia waliokwenda kutafuta maisha ng'ambo. Yule mwenye shamba alikuwa mmoja wao, na madam akatoa albamu yake kwenye sanduku ili nipitishe picha kwenye skana moja moja. Nikafika kwenye picha ya nyumba ya mawe, ina veranda na ngazi nne mbele. Ngazi zile nilizijua. Nyumba ile sasa ni stafurumu, yaani chumba cha walimu, ya shule yangu ya msingi, nilichapwa viboko kwenye ngazi ya tatu kwa sababu ya kuchelewa.

Na kama ile ndiyo nyumba, basi lile ndilo shamba ambako baba yake mama yangu alikuwa mpishi.

Mama hakumjua baba yake. Alikufa kwa kichomi mama akiwa hajafika miaka mitatu, akazikwa mwisho wa shamba pamoja na wafanyakazi wengine. Baada ya uhuru shamba likakatwa ploti, na aliyepata ile ya makaburi akapanda viazi. Mama alikwenda kumwambia hapa chini kuna watu, akajibiwa hapa chini kuna viazi. Hakuna kaburi, hakuna picha hata moja. Kilichobaki ni jina, na jina liko kwa kaka yangu, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba ya mama. Ndiyo maana mama hamwiti kaka yangu kwa jina. Humwita baba. Kaka akiingia, chai yake inamiminwa kwanza, na mama akimkosea humwomba radhi vile mtu anavyomwomba mzazi. Hilo ndilo daftari letu, linatembea na linakula ugali.

Nikaitazama picha. Bwana na bibi wameketi kwenye viti. Nyuma yao, kwenye ngazi, wanaume watatu wenye kanzu nyeupe na mwanamke mmoja kijana. Mmoja wa wanaume ameshika mbwa mkubwa kwa ukanda wa shingo. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi mazuri kabisa, yaliyonyooka: jina la bwana, jina la bibi, jina la mbwa, na neno moja, watumishi.

Nilisoma tena kuhakikisha. Jina la mbwa.

"Madam," nikamwambia, "hawa wanne ni nani?"

Akavaa miwani. "Watumishi wa nyumba. Majina yao hayakuandikwa. Inasikitisha, kwa kweli."

"La mbwa limeandikwa."

"Ndiyo, alimpenda sana mbwa yule," akasema, na akatabasamu.

Hasira zilinipanda. Nikamweleza: nyumba, shule, babu yangu mpishi, viazi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kitambaa cha vumbi mkononi. Alinishika mkono, na macho yake yalilowa, hilo siwezi kumnyima. Halafu akauliza, "Ni yupi kati yao?"

Sikujua. Na hapo ndipo palipouma, maana lilikuwa swali la haki.

Nikampigia mama. Nikamtumia picha, na tangu saa hiyo hakulala. Alikuwa na baba watatu ghafla. Jumatatu ni huyu wa kushoto, kwa sababu ya paji la uso. Jumatano ni wa katikati. Alimwita kaka yangu asimame mlangoni kwenye mwanga, akashika simu kando ya uso wake, geuka hivi, geuka vile, baba tulia. Kaka yangu ni fundi wa pikipiki mwenye miaka arobaini, akasimama pale kama mtoto anayepimwa sare. Mwisho mama akaniambia, "Mwanangu, nakaribia kufa na sijui ni nani kati ya hawa nimlilie. Uliza huko. Uliza hao wenye vitabu."

Wenye vitabu nikawauliza. Madam aliandika kwa mwenyekiti wa chama, akaomba majina ya watumishi yatafutwe, na akaeleza kwamba familia ya mpishi imepatikana. Jibu likaja, akanisomea. Mwenyekiti anashukuru sana kwa hadithi hii ya kuvutia, lakini kitabu kinaingia mitamboni mwisho wa mwezi ujao, na masimulizi ya mdomo bila waraka hayatoshi kuandikwa chini ya picha.

Ati masimulizi ya mdomo. Mimi nimewasomea mawe yao mpaka macho yakatoa machozi. Nimesoma daftari zao za ubatizo, na niulize, kasisi aliyajuaje majina ya wale watoto? Si mama alifungua mdomo wake pale kanisani akalitamka jina la mtoto, naye akaandika? Mdomo wa yule ni waraka, mdomo wa mama yangu ni hadithi ya kuvutia. Nilimwambia madam maneno haya haya. Akasema naelewa kwa nini umekasirika. Nikamwambia hapana, madam, huelewi, na nikaenda kuosha choo kwa nguvu ambazo hakikuzihitaji.

Wiki ile mumewe akahamishiwa Jeddah. Tukafunga mizigo, kompyuta na albamu zikabebwa na madam mwenyewe mapajani. Tukapewa ghorofa karibu na Al-Baghdadiyah, joto la Jeddah linakushika mwilini kama shuka lenye maji. Ijumaa ya kwanza nikatafuta watu wa kwetu, nikaelekezwa Al-Mahjar, kwenye chumba kimoja ambamo wanawake Wakenya hukutana, wengine kuomba, wengine kusuka nywele, wote kula. Kila aliyeingia nilimwonyesha picha kwenye simu. Wakaanza kunitania. "Huyu bado anatafuta mume wake wa kanzu," akasema mmoja. Nikacheka nao kwa sababu ningefanya nini.

Ijumaa ya tatu akaja dada mmoja anayefanya kazi nyumba za kaskazini ya mji, mnyamavu. Akaitazama picha, akasema taratibu, "Hii si stafurumu?"

Tumesoma shule moja, ananizidi madarasa sita. Akaniambia shosho wake, yaani nyanya yake mzaa baba, alifanya kazi kwenye nyumba ile akiwa msichana. Alikata kuni na kuosha masufuria. Na shosho yu hai, ana miaka tisini na kitu, na akili zake zote anazo.

Hapo hapo tukapiga simu. Mke wa baba yake mdogo akashika simu kule nyumbani, tukamwona ajuza ameketi juani, blanketi mabegani.

"Shosho," nikasema, "nina picha ya nyumba ya mzungu. Nataka unionyeshe mpishi."

"Macho yangu yaliisha zamani, mami," akajibu. "Nitakuonyesha na nini?"

Mwaka mzima naazimisha macho yangu kwa makaburi ya watu, na macho ninayoyahitaji mimi yamekwisha. Lakini yeye hakuwa amemaliza. "Nisomee iliyomo," akasema.

Nikamwambia: mzungu na mkewe wameketi, wanaume watatu wa kanzu, msichana mmoja, mbwa.

"Mbwa wa namna gani?"

"Mkubwa. Masikio yameanguka."

Ajuza akacheka mpaka blanketi likamtoka begani, na akalitaja jina la mbwa. Alilitaja kwa ulimi wetu, limezungushwa kidogo, lakini ndilo lile lililo nyuma ya picha. Na mimi nilikuwa sijamwambia mtu yeyote chumbani mle jina la mbwa. Nililionea haya.

"Nani amemshika?" akauliza.

"Wa kulia. Mrefu, kofia yake imeinama upande."

"Basi huyo ndiye mpishi. Mbwa yule alikuwa shetani, aliwauma hao wengine wote, akamuuma hata bwana wake. Ni mpishi tu aliyeweza kumshika, kwa sababu alimpa mifupa." Kisha akataja jina, jina la kaka yangu, na la baba yake mpishi juu yake. Akawataja wanaume wawili waliobaki. Akasema, "Na huyo msichana, kama amefunga kitambaa chenye maua, ni mimi." Alikuwa amefunga kitambaa chenye maua.

Shosho aliendelea, akifurahi kuulizwa. Mpishi alikuwa na kasichana kadogo. Jumapili bibi wa nyumba akienda kanisani, mpishi alikaleta mlango wa nyuma akakapa sukari kwenye kiganja, na shosho ndiye aliyeambiwa achunge njia. "Sijui kalienda wapi," akasema.

"Shosho, kale ni mama yangu."

Akauliza, "Bado anapenda sukari?"

Chumba kizima kililia, hata wale walionitania. Mama yangu ana kisukari na hutia vijiko vitatu tukimpa kisogo.

Jumamosi asubuhi nilimkabili madam kabla hajanywa chai. Nikamweleza neno kwa neno. Nilipofika kwenye jina la mbwa akaniinulia mkono ningoje, akaenda kuitoa albamu, akaigeuza picha na kusoma, kisha akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Hakuwa ameonyeshwa maandishi haya?"

"Haoni, madam. Angeonyeshwa nini?"

Akaketi. "Huu ni ushahidi," akasema. "Mwenyekiti hawezi kuukataa. Jina la mbwa linathibitisha."

Alifurahi kweli, aliandika barua siku ile ile, kurasa mbili. Na mimi nilifurahi, nisijifanye. Lakini nikiwa nakaanga mayai yao nilijikuta nalia kwa uchungu. Mama yangu hakutosha kuwa shahidi wa baba yake. Shosho aliyekuwa amesimama pale pale kwenye ngazi hakutosha. Babu yangu alihitaji mdhamini, na aliyeaminika kumdhamini ni mbwa.

Niliyaandika majina yote manne mimi mwenyewe, kila mtu na jina la baba yake, nikamsimamia madam akiyachapa hadi kila herufi ikakaa sawa.

Vitabu vilifika baada ya miezi minne, boksi moja, nakala kumi na mbili za madam kugawia jamaa zake. Alikuwa ametoka. Aliniachia ujumbe nilifungue mimi, nami nikaona ni heshima. Nikanawa mikono, nikafungua, nikaenda moja kwa moja kwenye picha. Wote wanne walikuwepo. Aliyemshika mbwa ana jina lake, la baba yake, na kazi yake: mpishi. Nikapiga picha ukurasa nikamtumia mama, na hata dakika haikupita akapiga simu, nikamsikia anaita nyuma, "Baba, njoo unisomee jina lako." Kaka akasoma. Mama akamwambia asome tena. Akasoma mara nne, halafu simu ikakatika au mama aliikata.

Nikakaa chini na kitabu. Nikakisoma taratibu, kwa sababu nusu ya mawe yale niliyasoma mimi. Mwishoni palikuwa na ukurasa wa shukrani. Kasisi, jina lake. Mwalimu mstaafu, jina lake. Mwenyekiti na mkewe aliyechemsha chai ya mikutano, majina yao. Ukurasa mzima wa majina, na mstari wa mwisho kabisa, madam anamshukuru mfanyakazi wake wa nyumbani wa Riyadh, ambaye bila yeye watumishi wa kwenye picha wangebaki bila majina.

Niliusoma mstari ule nikatafuta jina langu. Nikageuza ukurasa, labda limeangukia upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Mwaka mmoja na miezi minane. Ananiita kila asubuhi, jina analijua. Kwenye orodha ya dawa za paka wa kampaundi ile ya Riyadh, paka wote walikuwa na majina.

Nilikwenda kwenye meza yake. Kikombe cha penseli kilikuwa pale, zimechongwa vizuri, nilizichonga mimi. Nikazipita nikafungua droo nikatoa kalamu ya wino mweusi. Nikarudi nikaketi na boksi miguuni, na katika nakala ya kwanza, chini ya mstari ule, nikaandika jina langu, jina la baba yangu, na jina la babu aliyemshika mbwa. Niliandika pole pole kwa mwandiko ambao kasisi yeyote angeuonea wivu. Nilikuwa kwenye nakala ya saba mlango ulipofunguka.

Madam aliweka mkoba chini. Alisoma juu ya bega langu. Nadhani aliona alichokifanya, sina hakika, kwa sababu alichosema ni kile kile cha siku zote.

"Tunatumia penseli," akasema, kwa sauti ndogo.

"Penseli inafutika, madam," nikamjibu, na nikachukua nakala ya nane.